Chumvi Iliyokula Breki za Baba

Baba yangu ameendesha kamioneti, gari dogo la mizigo, kati ya Butembo na Beni tangu kabla sijazaliwa, na sifa yake ilikuwa moja tu: breki. Madereva wengine walisifiwa mbio. Yeye alisifiwa kushuka Kabasha, mteremko ule mkubwa wa njia ya Beni, viazi vya Lubero vikiwa vimejaa hadi juu, na mwenye kukaa pembeni yake asishtuke. Majirani zetu wa mtaa wa Kimemi walikuwa wakisema, ukiwa na mayai ya kupeleka Beni, mpe yeye. Alipenda sana kulisikia neno hilo, ingawa kila likisemwa alikohoa na kutazama pembeni.

Mwaka jana, wakati wa mvua, kamioneti ilikataa kusimama palepale Kabasha. Mama alikuwa ameketi kando ya baba, maana hiyo ndiyo biashara yao wawili: viazi vinashuka Beni, samaki wa chumvi wanapanda Butembo. Samaki hao wanapitia Kasindi, mpakani, na mama anawanunua Beni kwa magunia. Siku hiyo walikuwa bado wanashuka na viazi. Baba alituhadithia mara moja, hakurudia tena.

"Nilikanyaga frein, mugulu ikaenda mpaka chini, kama vile niko nakanyaga bugali. Nikakanyaga tena. Hakuna kitu. Donc nikashusha vitesi, nikatafuta mulima."

Maana yake alipunguza gia, akaipeleka pua ya gari kwenye ukingo wa mlima, upande wa udongo, asiende upande wa bonde. Gari lilijikwaruza kwenye udongo mwekundu hadi likasimama, limeinama ubavu. Viazi vilimwagika barabarani. Watu wa karibu wakaja kuviokota, wengine wakavirudisha kwenye magunia, wengine wakavifunga kwenye vitenge vyao na kufika navyo nyumbani salama. Mama alivunjika mkono wa kushoto. Baba hakupata hata mkwaruzo, na nadhani angefurahi kama angeupata.

Kamioneti ilivutwa hadi garaji ya fundi wetu hapa Butembo, mtu tunayemwamini. Alikuta mafuta ya breki yamepungua kwenye kikopo chake, akasema yamemwagika gari lilipoinama. Akaongeza mengine, akakanyaga mara kadhaa, akalizungusha gari polepole pale uani, likasimama.

"Frein iko," akasema. "Miye sioni tatizo."

Basi kama breki iko, kilichokosekana ni nini? Swali hilo lilijibiwa sebuleni kwetu, Jumapili baada ya ibada, na baba mdogo. Huyu ni mdogo wake baba, shemasi kanisani, mtu anayependa kufungua Biblia kabla ya kusema jambo alilokwisha kuliamua nyumbani kwake. Alitusomea Mhubiri, kila jambo na majira yake, kisha akakifunga kitabu.

"Yaya, mukubwa wangu, hatuko tunakulaumu. Mais mugulu ya mutu mukubwa haiko tena ya kijana. Ulifikiri umekanyaga, kumbe hapana. Sasa upumuzike. Funguo nitakamata miye."

Tukamtazama mama. Alikuwa na mkono shingoni, kwenye kitambaa cheupe.

"Miye sisemi kitu," alisema. "Mais kukaa tena pembeni yake, ile hapana."

Kwa mtu asiyesema kitu, lakini yake hiyo ilikuwa imesema mengi. Baba aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani. Ikakubaliwa kwamba mkono wa mama ukipoa kidogo, baba mdogo ataanza kupakia viazi Jumatatu itakayofuata. Baba hakubisha hata neno moja. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, maana baba yangu anabishana hata na redio.

Mimi ni mshonaji wa nguo, na nina ugonjwa mmoja ambao mama ananisema tangu utotoni: nataka kujua kila kitu kimeanzia wapi. Mteja akileta gauni lililochanika, wenzangu wanaweka kiraka. Mimi nalichunguza kwanza, lilibana wapi, uzi gani uliachia wa kwanza, mwenyewe anakaa vipi kwenye benchi. Wakati mwingine nauliza mpaka mteja anabeba gauni lake na kuondoka. Basi mguu wa baba nao nikauchunguza. Nilimtazama akipanda ngazi za kanisa, akizamisha sepetu shambani kwa kisigino, akiua mende. Ule mguu ulikuwa unakanyaga, na mende wa nyumba yetu wangeweza kutoa ushahidi.

Lakini yeye mwenyewe alikwisha kukubali. Alianza kutembea akitazama chini, na watu wakimwuliza safari alijibu kwamba amezeeka, kama anayetaja jina la kijiji alichohamia. Nilitaka kulia kila nilipomsikia.

Ilifika Jumamosi ya mwisho kabla ya baba mdogo kuanza kazi, nasi tukaosha kamioneti, iliyokuwa imerudishwa uani kwetu. Hapa lazima nieleze desturi ya nyumbani kwetu. Sisi Wanande hatupendi kitu kikae bure, na kamioneti ya baba ina kazi tatu: inashusha viazi, inapandisha samaki, na Jumapili inabeba kwaya ya wamama kwenda kuimba vijijini au kwenye matanga. Sasa, samaki wa chumvi wanavuja. Maji yao yalikuwa yakituama sakafuni nyuma, na wamama wenye blauzi nyeupe walikuwa wakishuka kwenye nyumba ya msiba wananuka soko. Malalamiko yakamfikia mama, kwa kuwa yeye ndiye kiongozi wao. Basi miaka kadhaa iliyopita alimwita mchomeleaji, soudeur kama tunavyomwita, akatoboa mashimo kwenye sakafu ya gari, pale panapobonyea zaidi, ili maji yote yashuke. Tangu hapo kila Jumamosi ni ndoo, sabuni na burashi. Kwaya ikapona harufu, mama akapongezwa, na wenye magari wengine wakaja kuuliza mchomeleaji anapatikana wapi.

Jumamosi hiyo mama alisimama akitoa amri kwa mkono mmoja, mimi nikimwaga maji. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo mara nyingi, lakini kichwa changu siku zile kilikuwa kimeamka vibaya. Nikatazama maji yanavyopotea mashimoni.

"Mama, hii mayi iko inaenda wapi?"

"Chini," akasema. "Ulitaka iende juu?"

Lilikuwa jibu la kweli, ila halikunishibisha. Nikatandika gunia, nikaingia chini ya gari. Mama akanikumbusha kwamba nina watoto na kwamba mwanamke mzima halali chini ya gari mchana kweupe. Nikamwomba amwage ndoo nyingine kwa mkono wake mzima.

Maji hayakushuka moja kwa moja hadi ardhini. Yalidondokea ile boriti ndefu ya chuma inayobeba gari, yakatiririka juu yake, kisha yakaingia kwenye bonge la udongo lililoganda ubavuni mwa boriti. Udongo wetu wa Butembo ukishika kitu hauachii, na hili lilikuwa limeshika miaka. Juu tulikuwa tunasugua hadi panang'aa, na chini, hakuna aliyewahi kupeleka burashi. Nikaling'oa pande moja kwa kidole. Ndani palikuwa peusi na pabichi, hata sehemu ambayo maji yangu yalikuwa hayajafika. Kitu gani kinakaa kibichi bila kuguswa na maji?

Nikafanya jambo ambalo sitalifanya mbele ya wateja wangu. Nikaonja.

Ilikuwa chumvi, chumvi kali ya magunia ya mama, na nyuma ya chumvi ulikuja uchungu wa mafuta. Nikatema, nikang'oa tena, na humo ndani ya udongo nikaona mrija mwembamba wa chuma umepita, rangi yake haijulikani tena. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na mimi mshonaji huwa nalisema kwa kuchekesha. Pale chini sikucheka. Nikamtuma jirani akamwite fundi.

Fundi alikuja, akalala kando yangu, akaanza kukwangua kwa bisibisi. Kutu ilitoka maganda maganda, kama kitunguu. Alikwangua muda, kisha akaacha.

"Hii njo tuyo ya frein," akasema taratibu.

Alinieleza, maana niliuliza na kuuliza tena. Dereva akikanyaga, mguu wake unasukuma mafuta, na mafuta yanapita kwenye mrija huo, tuyo, hadi magurudumu ya nyuma. Katika kamioneti kuukuu namna hii njia ya mafuta ni moja, kwa hiyo yakipata pa kutokea nyuma, hata mbele hakubaki nguvu. Chumvi ilikuwa imeula mrija kutoka nje, polepole, mahali pamoja tu, na udongo ukawa umeziba kidonda.

"Mais weye ulikanyaga, na ikasimama," nikamwambia.

"Nilikanyaga pole, udongo ikazuia mafuta. Ilikuwa uani. Nani anakanyagaka nguvu uani?" Akaifuta bisibisi. "Tutafute mutu akanyage kama vile Kabasha."

Ufunguo ulikuwa kwa baba mdogo, lakini breki haiuhitaji, na mlango wa kamioneti ile uliacha kufungika kwa ufunguo zamani. Kilichohitajika ni mguu. Baba alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba, kikombe cha chai mkononi, na alikuwa amesikia yote.

"Papa, kuya ukanyage," nikamwita kutoka chini.

"Mugulu yangu mulishaisema. Mutafute ingine."

Nilikasirika, na sikuficha. Nikatoa kichwa nje, uso umejaa matope, nikamwambia kwamba fundi hatafuti mguu wowote, anatafuta mguu ule uliokuwa Kabasha. Kama siku ile haukukanyaga, leo nao hautakanyaga, na tutajua, na yataisha. Si maneno ya binti kumwambia baba yake. Mama alifumba macho. Baba akaweka kikombe chini, akaja.

Kutoka pale nilipolala niliona viatu vyake vikipita, kisha gari likashuka kidogo alipoketi. Hapo hasira ikanitoka, nikaingiwa na woga. Je, akikanyaga na tuyo isitoe kitu? Nitakuwa nimemvua baba yangu hata ile labda ndogo aliyobaki nayo, tena mbele ya mama na mbele ya fundi.

"Kanyaga, mzee," fundi akasema. "Sana."

Mafuta yaliruka na kumpiga fundi shavuni. Kidonda cha mrija kilikuwa kimefunguka tena mbele ya macho yetu, ufa mrefu kama ukucha. Fundi akajifuta kwa mkono wa shati, akacheka peke yake.

"Ai, papa," akasema, "mugulu iko na nguvu."

Mama aliinama kwa shida, akiushikilia mkono wake. Alitazama ufa, kisha akainua macho hadi kwenye shimo la sakafu lililokuwa juu ya boriti, na maji yaliyokuwa bado yanadondoka humo, tone baada ya tone. Hakuna aliyemweleza kitu. Mimi nisingeweza, maana wakati ule ndipo nilipoelewa kwamba aibu niliyokuwa nikiivua kwa baba ilikuwa inatafuta mtu mwingine wa kumvaa.

"Soudeur ni miye nilimuita," mama akasema. "Ni miye nilimuonyesha pa kutoboa."

Baba alikuwa bado garini, mguu hajauinua.

"Inatoka?" akauliza.

"Ilitoka, papa. Imeisha yote," nikamjibu.

"Donc siku ile nilikanyaga."

"Ulikanyaga."

Alishika usukani kwa mikono miwili. Maneno yaliyofuata alikiambia kioo cha mbele, si sisi.

"Kila asubui nikiamuka, niko nakanyaga ukuta, pale karibu na kitanda. Nione kama mugulu iko inanisikia ao hapana."

Fundi aliacha kujifuta.

"Nilikuwa nasikia," mama akasema. "Kila asubui. Nilikuwa najifanya nimelala."

Akazunguka gari hadi mlango wa dereva, akaufungua. Nilitoa kichwa nje kumwona, kwa sababu ya ugonjwa wangu uleule. Kwetu mume na mke wa umri wao hawagusani mbele ya watu, na wazazi wangu sijawahi kuwaona hata wakishikana mikono kanisani. Mama aliweka mkono wake mzima juu ya goti la baba, la mguu ule uliokuwa bado umekanyaga.

"Unisamehe," akasema. "Toa mugulu sasa. Imechoka."

Baba hakuutoa mara moja. Fundi akageuka, akaanza kutafuta kitu kwenye sanduku lake la vyuma, na kwa muda mrefu hakukipata. Nami nikarudi chini ya gari, nikawa natafuta chumvi niliyokwisha kuiona.