Chumvi Ndani ya Mawese

Siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka hadi kitenge nilichovaa, mwanangu. Kilikuwa kipya, na nilikivaa makusudi nikashindane na treni. Usicheke. Niliionea wivu treni, tena wivu wa kweli, wa kukosa hamu ya chakula.

Mume wangu Nashoni, kabla hajanioa, alikuwa mchochea moto kwenye treni za mvuke. Karakana yao kule bondeni, njia ya Uvinza, ilipofungwa, akarudi Kasulu kulima maharage kama wanaume wengine. Lakini vichwa vya treni viliachwa palepale kwenye nyasi, na kimoja kilikuwa chake, amekitia makaa miaka na miaka. Alikiita Bibi. Kila mwisho wa mwezi alidandia lori linalofuata chumvi, galoni ya mawese mkononi, akakipake mafuta kisiliwe na kutu. Mawese yangu hayo, niliyoyakamua mwenyewe!

Hata hivyo ningevumilia. Sasa dereva wa lile lori, mtu wa Mabamba asiyejua kufunga mdomo, akaniambia, "Shemeji, mumeo akifika pale anapiga makofi kwanza. Anaamkia, 'Mwakeye, Bibi.' Ndipo anaanza kazi."

Anakipigia makofi! Sisi Waha tunapiga makofi tukisalimia wakubwa wetu, wewe unajua. Mimi mkewe, asubuhi naulizwa chai iko wapi. Nilichemka, mwanangu. Nilijiona mke mdogo, na mke mkubwa ni chuma.

Basi safari iliyofuata, alipokwenda kuoga, nikakoroga chumvi kwenye maji kidogo, nikamimina ndani ya galoni, nikatikisa mpaka ikachanganyika. Na mwezi mwingine hivyo hivyo. Mwaka mzima mume wangu alimpaka Bibi wake chumvi kwa mikono yake mwenyewe. Anarudi amenyong'onyea, ananiambia, "Sijui nakosea wapi, kutu inatokea chini ya mafuta." Mimi namtengea ugali, nasema pole. Macho makavu kabisa!

Ikaja habari kwamba mabwana wawili wa reli watapita kuchagua kichwa kimoja kihifadhiwe, watoto waje kukiona. Vilivyobaki vitakatwa, viuzwe chuma chakavu. Nashoni hakulala kwa furaha. Akaniambia, "Safari hii twende wote. Nataka akuone."

Tukafika. Nashoni akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapaza sauti, "Bibi, huyu ndiye mke wangu niliyekuwa nakusimulia." Kumbe huko alikokuwa anakwenda, alikuwa ananizungumzia mimi.

Bwana mmoja akagonga ubavu wa kichwa kwa nyundo. Kutu ikamwagika kama pumba. Akauliza, "Mzee, ulikuwa unakipaka nini?" Nashoni akafungua galoni, akachovya kidole, akalamba kuwaonyesha kwamba ni mawese safi. Ulimi wake ukakutana na chumvi. Akanitazama mara moja tu.

Kisha akawageukia. "Nimezembea mimi," akasema. "Sikukitunza vizuri."

Wakachagua kingine. Bibi akakatwa vipande wiki ileile.

Njia nzima hakufoka. Tulipokaribia Kasulu ndipo aliponiuliza, polepole, "Kama ulikuwa unanitaka nyumbani, si ungeniambia?" Nililia mpaka dereva akasimamisha lori akidhani naumwa. Nashoni alinisamehe, akaishi nami vizuri mpaka Mungu alipomchukua, lakini mwisho wa mwezi ukifika alikuwa anakaa tu kizingitini, mikono magotini, hana pa kwenda. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kipigo.

Juzi umenilalamikia, mwanangu, kwamba mumeo anaijali pikipiki yake kuliko wewe. Naujua huo moto. Usimharibie. Mwambie kwa mdomo wako, "Naona wivu," hata kama utaona aibu, hata kama atacheka. Halafu chukua kitambaa, chuchumaa upande wa pili, muisafishe wote, umsikilize anavyoisifia. Mimi ningefanya hivyo, leo ningekuwa na kichwa cha treni cha kuwaonyesha wajukuu, na miaka ya kicheko niliyoinyima nyumba yangu.

Mungu akupe ujasiri wa kusema linalokuuma likiwa bado dogo. Ampe na mumeo masikio ya kulisikia. Nenda, anakusubiri.