Njia ya Kusindikizana

Mwezi uliopita nilifika Richardson, mji ulio kando ya Dallas, saa nzima kabla ya usaili wa kazi. Mimi nikiogopa kuchelewa huwahi mno, halafu nikishawahi naanza kuogopa kwamba nitaonekana sina shughuli. Nikaliacha gari kwenye maegesho ya kituo cha treni, nikaamua kwenda ofisini kwa miguu ili moyo utulie. Upande ule hakuna njia ya wapitao kwa miguu. Kuna nyasi zilizokatwa vizuri, kisha barabara. Sikwenda mbali, mama mmoja akapunguza mwendo, akashusha kioo, akaniuliza kama gari langu limeharibika. Nikamwambia hapana, natembea tu. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto wa wenzake, akaenda zake.

Hapo ndipo harufu ya rozmari iliponipata. Huku kiungo hiki cha jikoni hupandwa mbele ya ofisi kama ua, na sijamwona mtu akikichuma. Nilisugua majani yake vidoleni, nikasimama pale na viatu vyangu vya usaili, nikawa tena mtoto wa miaka kumi.

Unajua, rafiki yangu, mimi nilikulia Euless, jirani na uwanja wa ndege wa Dallas, chini ya ndege. Nyumba yetu ilikuwa ya kupanga, ghorofa ya pili, na mazungumzo yalikatika kila ndege ilipopita, yakaendelea ikishapita. Mwaka ule yalianza kukatika hata bila ndege. Nikiingia sebuleni, baba anatazama simu, mama anakumbuka kitu jikoni. Shule zilipofungwa wakaniambia naenda Italia kwa shangazi, kubadilisha hewa. Baba alifanya kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, kwa hiyo tiketi hazikuwa taabu kwake. Lakini mtoto anayefikiria sana hujua kwamba hewa haibadilishwi bila sababu.

Shangazi alikuwa ametoka Mombasa miaka mingi nyuma kwenda kumtunza ajuza mmoja katika kijiji cha mawe, juu kabisa ya Bahari ya Kati. Kijiji kilijengwa zama za kale, watu walipokuwa wakiwakimbia maharamia, na kilikuwa kimejikunja kama ngumi. Vichochoro vilikuwa vyembamba hata watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibanze ukutani. Nguo zilianikwa juu ya vichwa vyetu. Mawe ya ngazi yalikuwa yamelika katikati kwa nyayo za watu waliokwisha kufa. Shangazi alisema siku aliyofika alidhani amerudishwa Mji wa Kale wa Mombasa, akangoja adhana, akasikia kengele.

Asubuhi alimwogesha ajuza, akamchana nywele, akampikia. Kazi yangu ilikuwa kupepeta unga na kutwanga iliki, kwa sababu shangazi alikaanga mahamri katika jiko lile la Kitaliano kana kwamba yuko mtaani kwao Kibokoni. Ajuza akishalala mchana, na binti yake akishakuja kukaa naye, sisi tulifunga mahamri kwenye kitambaa tukashika njia ya kijiji cha pili kumtembelea mjane mmoja, rafiki wa shangazi.

Njia ile bado naweza kuitembea nikifumba macho. Ilipita kwenye matuta yaliyoshikiliwa na kuta za mawe, katikati ya mizeituni. Kulikuwa na tini zilizopasuka kwa utamu, nyuki juu yake, na rozmari iliyotugusa nguo tukipita. Chini, upande wa kushoto, bahari ilikuwa ya buluu hata ikauma macho. Palikuwa kimya. Mimi mtoto wa Euless sikuwa najua kwamba kimya kina sauti, majani makavu, mjusi, pumzi yangu mwenyewe. Katikati ya njia palikuwa na kikanisa kidogo cha mawe, hakizidi jiko la kwetu kwa ukubwa.

Mjane alitukaribisha kwa mkate bapa wenye mafuta ya zeituni na dagaa wa chumvi. Nyama ya nguruwe alishajifunza kuificha kabatini tukibisha hodi. Na alijifunza jambo jingine. Shangazi alikuwa amemweleza kwamba kwetu mgeni haachwi mlangoni, husindikizwa. Kwa hiyo tukiondoka, mjane alivaa viatu akatusindikiza hadi kikanisani. Hapo shangazi aliona haya kumwacha mama mzima arudi peke yake, akageuka kumsindikiza. Wakifika karibu na mlango wake, mjane naye anageuka.

"Huyu keshakuwa Mswahili," shangazi alilalamika, akicheka. "Nimemfundisha mwenyewe, sasa hanipi nafasi ya kurudi kwangu."

"Twende," mjane alijibu. Ndilo neno lake moja la Kiswahili, na alilitumia kwa kila kitu.

Jioni baba akipiga simu, shangazi aliipokea nje, kwenye ngazi. Siku moja tukiwa njiani nilimuuliza kwa Kiingereza wanazungumza nini. Alichuma tawi la rozmari, akalikunja, akalitupa.

"Uliza kwa lugha ya babako."

Nikauliza tena kwa Kiswahili, na nilipomaliza nilikuwa nalia.

"Wameachana, mwanangu. Mamako amepata kazi hospitali ya Houston, atakaa Katy, kando ya mji huo. Wewe utakuwa na babako, na mwisho wa wiki na likizo utakwenda kwa mamako."

"Basi mimi nabaki hapa na wewe."

Tulitembea hadi kikanisani kimya, na mimi nikauchukua ukimya ule kuwa ni ndiyo. Nikaanza kupanga. Nitajifunza Kitaliano. Nitamchana ajuza nywele. Sitakula sana.

Baba alikuja kunichukua mwezi wa nane. Barabara ya magari iliishia kijiji cha mjane, kwa hiyo ilimbidi aje kwa miguu, na viatu vya ngozi. "Hivi watu hawa hawana barabara?" alisema alipofika, shati limemganda mgongoni. "Dada, hapa mtu akiugua mnafanyaje?"

"Twambeba," shangazi akasema. "Kaa unywe maji."

Kesho yake tuliondoka, baba mbele na sanduku. Shangazi alitusindikiza hadi kikanisani, akasimama. Akanishika kichwa, akaniombea dua. Alipomaliza nikamwambia kile nilichokuwa nimekaa usiku mzima nikikifikiria.

"Sasa mimi nikusindikize wewe."

Baba alitaka kusema neno, shangazi akamnyamazisha kwa mkono. Baba akakaa juu ya sanduku. Tulirudi sote wawili njia nzima, polepole, hadi mlangoni. Hapo shangazi aligeuka, kama ilivyo desturi, akanirudisha kikanisani. Baba alikuwa amevua viatu.

"Zamu yangu tena," nikasema.

Shangazi alichutama ili macho yetu yalingane. "La, mwanangu. Mtu hasindikizwi mpaka mwisho. Ukimsindikiza mpaka mwisho, umehama naye."

Nimeipindua sentensi hiyo kwa miaka. Kuna siku naona alikuwa ananikataa. Kuna siku naona alikuwa anajizuia yeye, asije akatufuata hadi kwenye teksi, hadi kwenye ndege, akamwacha ajuza kitandani. Sijapata kumuuliza, kwa sababu naogopa jibu litakuwa dogo kuliko nilivyolifikiria.

Baada ya hapo utoto wangu uliobaki ulipita kwenye barabara kuu ya kati ya Dallas na Houston. Ijumaa baba alinipeleka nusu ya njia, mama akaja nusu yake, wakakutana kwenye kituo cha mafuta chenye harufu ya soseji na kahawa iliyolala. Waliegesha kila mmoja upande wake. Hakuna aliyeshuka. Nilitoka gari moja na begi langu, nikavuka lami, nikaingia gari jingine, na mama aliniuliza kama nimekula.

Ajuza alifariki, nyumba ikauzwa kwa watu wanaokuja wiki mbili kwa mwaka. Shangazi amerudi Mombasa. Magoti hayamruhusu tena kwenda mbali. Aliniambia mvua iliporomosha kuta za matuta na njia imefungwa. Nilipomuuliza habari za mjane, alisema simu yake haiiti.

Kazi ya Richardson nimeipata. Mwisho wa wiki nilikwenda Katy kumwambia mama, kwa sababu habari nzuri nikiisema kwenye simu huiona kama nimeisema vibaya. Kile kituo cha mafuta kimebomolewa, wanajenga maghala. Nilipunguza mwendo hata hivyo. Siku hizi naendesha njia nzima mwenyewe, saa nne na zaidi, na hakuna anayenisubiri katikati.