Marimba ya Baba Katika Banda la Mkonge

Harufu ya mkonge mbichi ni kali, inachoma pua kama togwa iliyosahaulika mtungini, na hata leo ikinijia nasikia marimba ya baba. Enzi za Mdachi tulikimbia njaa Handeni, tukapata kibanda kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe. Baba alikata majani hadi mguu ukamvimba, akashindwa kusimama kutwa. Basi akawa anakaa pembeni ya banda ambamo mama na wenzake walichambua nyuzi na kuzifunga, akibofya vyuma vya marimba kwa vidole gumba. Hakuna aliyemtazama wala kumsifu. Mikono tu ilikwenda.

Akaja mnyapara mpya. "Huyu anakula bure," akasema. "Jumamosi ahame na mkewe na mtoto." Akamtoa baba bandani. Mama alilia, nami nikalia, maana njaa ya Handeni tuliijua kwa sura. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Asubuhi yake Mama Zaina, Mzigua mwenzetu, akagombana na Mshambaa wa Vugiri kisa kipande cha kamba, mafungu yakalegea, wengine walisinzia jua bado changa. Kufika Ijumaa nyuzi zilikuwa zimerundikana hadi mlangoni, na Bwana Mdachi mwenye shamba akaja mwenyewe, uso mwekundu, akauliza kuna nini. Mama, ambaye hakuwahi kumwinulia macho, akajibu, "Bwana, mwenzetu mmoja hayupo. Yule wa marimba." Mnyapara akacheka. Mdachi hakucheka. Nami nikakumbuka: kila alipopita pale, yule bwana alipiga mluzi akiifuata marimba, bila hata kujijua! "Mleteni," akasema.

Nilikimbia mimi! Baba akaja akichechemea, vigelegele vikampokea, na Mama Zaina akasema, "Shikamoo mzee, kaa tufanye kazi." Jioni rundo la nyuzi lilikuwa limekwisha, mlango u wazi. Jumamosi, badala ya kuhama, tulisimama kwenye mstari wa asubuhi, na mnyapara yuleyule akaita jina la baba pamoja na majina ya wafanyakazi. Baba aliitika kwa sauti mpaka ng'ombe wakageuka. Nilijawa na furaha, wallahi!

Siku hizi wajukuu zangu huwasha redio wakichambua mchele, kisha wakasahau kuwa inaimba. Mimi mkorofi huizima. Mikono yote husimama. "Bibi, vipi tena?" Naiwasha, nawaambia, "Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya baba yangu."