Jua la Desemba na Begi la Idi

Ipo Ijumaa moja ya Desemba ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na naikumbuka kwa kelele mbili. Ya kwanza ilikuja kwa simu. Ya pili ilitoka kwa mwanamume mzima aliyevaa kaptura, amekaa kitandani mchana kweupe, akinilaumu kwa sababu ya jua.

Nianze na ya simu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Nilikuwa kijana mwenye digrii ya fizikia na maringo yanayoendana nayo. Nilikuwa nimefundisha sekondari huko kwetu Kakamega, kisha nikafika Dubai, ambako mzee mmoja wa Kizanzibari, Mzee Seif, aliniajiri katika duka lake la pampu na jenereta, uchochoroni nyuma ya Al Rigga. Mzee Seif alikuwa ameishi Dubai tangu ujana wake, lakini ukimsikia akizungumza ungedhani ametoka Unguja asubuhi ile ile. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuuza paneli za sola, akaona si vibaya kuwa na msomi dukani. Msomi huyo ndiye mimi. Nikapewa shati lenye nembo, kisanduku cha spana, na jina la Mwalimu.

Juni ya mwaka huo tulifunga pampu ya sola kwenye shamba dogo la jangwani, wenyewe huliita izba, mbele kabisa ukishayaacha majengo ya wafanyakazi ya Muhaisnah. Mwenye shamba tulimwita arbab, kama kila mtu kule anavyomwita mwajiri wake. Aliyelitunza shamba alikuwa Idi, Mtanzania wa Singida, mtu wa maneno machache na mbuzi wengi. Pampu yenyewe haikuwa na betri. Jua likiwaka, paneli zinaipa nguvu, maji yanapanda kutoka kisimani mpaka kwenye tangi. Jua likizama, nayo inalala.

Paneli tulizilaza karibu bapa kabisa, tukaziachia mwinamo mdogo tu ili maji ya kuoshea yateleze. Ndivyo tufanyavyo kwetu. Kakamega iko jirani na ikweta, na jua la saa sita mchana hukaa karibu na utosi mwaka mzima, likisogea kidogo huku na kidogo kule bila kumsumbua mtu. Mzee Seif hakupinga, Idi alishika fremu upande wa pili, na karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kichina. Sote tulitoka nchi ambazo majira huhesabiwa kwa mvua. Hakuna aliyewahi kujiuliza jua huenda wapi Desemba.

Juni ile maji yalifurika. Arbab alinisifu kwa Kiarabu, Mzee Seif akanisifu kwa Kiswahili, na zilizobaki nikajisifu mwenyewe.

Kufikia Desemba tangi halikujaa tena. Na huo ndio wakati wao wa shamba, mwanangu. Hewa imepoa, nyanya na matango yako ardhini, na jamaa zote za arbab huja mwisho wa wiki kukaa nje na kuchoma nyama. Wakafungua bomba, likawatolea upepo. Jumatano nikatumwa kukagua. Nilipima pampu, nikafuta paneli, nikakaza nyaya, kisha nikatangaza kwa sauti ya daktari bingwa kwamba kila kitu ni kizima. Na kweli kilikuwa kizima. Ila sikuona maneno hayo yatamwangukia nani. Maana kama pampu ni nzima, paneli ni safi, na maji hayaonekani, basi yuko mtu anayachukua. Arbab akakumbuka kwamba wachungaji wa izba ya jirani walikuwa marafiki wa Idi.

"Kaka Mwalimu," Idi aliniambia katika simu hiyo ya Ijumaa asubuhi, "arbab anasema nauza maji. Kesho napelekwa kufutiwa viza. Nimeshafunga begi."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia wallahi sijauza hata kikombe. Anasema khalas, basi, yamekwisha. Kaka, kurudi Singida mimi siogopi, nina mama pale, nina ndugu. Lakini narudi na jina gani? Wataniuliza umefanya nini, nitasema nini?"

Nilisema inshallah, kama tulivyosema sote kule tukikosa la kusema, nikarudi kukaa kitandani kwangu, mtaa wa Al Qusais, nikitazama dari.

Naomba nikueleze chumba hicho, kwa sababu ndicho kilichotuokoa. Watu wa hali yetu walipanga kitanda, hawakupanga chumba, na kila kitanda kilikuwa na sifa zake kama kiwanja. Cha dirishani kilikuwa cha Wafula, Mbukusu wa Bungoma, mlinzi wa zamu ya usiku hotelini. Alihamia mwezi wa Mei na akakichagua kwa ujanja, kwa kuwa kiyoyozi kilikipuliza moja kwa moja na jua halikukigusa hata kidogo. Majira yote ya joto alilala pale mchana kama mfalme, sisi wengine tukimwonea wivu.

Adhuhuri hiyo, nikiwa bado natazama dari, ikatoka kelele ya pili.

"Nani amefungua hii pazia?"

Wafula alikuwa ameketi, kiganja machoni, uso mzima umejaa jua.

"Hakuna aliyeligusa," nikamwambia.

"Mwalimu, usinichezee. Uko hapa peke yako. Mimi nimesimama geti usiku mzima, sasa nikijaribu kulala unanimulika kama kifaranga!"

"Pazia liko vile vile tangu Mei. Fupi vile vile."

"Basi umesukuma kitanda."

"Kitanda hicho kimeshikwa na kutu ukutani, Wafula. Hata wewe huwezi kukisukuma."

"Sasa niambie nani amesogeza jua!"

Alisema kwa hasira tu. Akajifunika shuka gubigubi, akageukia ukuta, na baada ya muda mfupi akakoroma. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya chumba na swali lake mkononi.

Dirisha letu lilitazama kusini. Juni, jua la saa sita lilipita juu kabisa ya jengo, dirisha likabaki kivulini. Sasa lilikuwa limeshuka upande wa kusini, linaingia kwa ubavu chini ya pazia, linavuka sakafu na kupanda kitandani. Hakuna aliyefungua kitu. Na kule izba paneli zangu zilikuwa zimelala chali, zinatazama utosini pale jua lilipokuwa Juni, huku jua lenyewe likizipitia pembeni na kuzigusa kwa upande tu. Jambo hilo nilikuwa nimelifundisha darasani, mwanangu, kwa mchoro na chaki za rangi, na nilikuwa mkali kwa wanafunzi walioshindwa kulieleza. Nikacheka kwa sauti. Wafula akaamka tena na kunitukana kwa Kibukusu kutoka chini ya shuka.

Nilimpigia Mzee Seif alipotoka msikitini. Nikamweleza yote, kisha nikaongeza, kwa busara yangu ya chuo kikuu, kwamba ingefaa kwanza nipime pembe vizuri, nichore, niandike maelezo kwa Kiingereza kizuri, ili tumpelekee arbab jambo lililokamilika.

"Mwalimu," akasema mzee, "wewe ushajua, ama hujajua?"

"Nimejua, mzee, lakini sina vipimo vya—"

"Mwenzio keshafunga begi, nawe wataka kuchora? Shuka chini, naja na gari. Na hilo jua lako halitungoji."

Sijawahi kukemewa kwa maneno machache namna ile yakanitosha kwa miaka mingi.

Tulifika alasiri. Arbab na kaka zake walikuwa wameketi barazani, kwenye zulia, birika la kahawa katikati. Idi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, na kando yake begi kubwa gumu jeusi, limefungwa kamba kwa juu kwa sababu zipu ilikwisha kufa. Mzee Seif akaanza salamu. Kule huwezi kuingia moja kwa moja kwenye shida yako. Unauliza afya, unauliza watoto, unapewa kikombe kidogo, kisha kingine. Nilikunywa nikitazama kivuli cha mtende kikirefuka, na moyo wangu ukirefuka pamoja nacho.

Mwishowe Mzee Seif akanigeukia. "Sema. Mimi nitatafsiri."

Nikasema. Arbab alisikiliza kwa adabu, kisha akatikisa kichwa.

"Anasema jua ni lile lile," Mzee Seif akatafsiri. "Lilikuwapo hapa kabla ya babu yake."

"Muulize, Juni mchana jua lilikuwa likiingia hapa barazani?"

Arbab akajibu upesi: halikuingia hata siku moja, paa lilijengwa kwa sababu hiyo.

"Na leo?"

Akainamisha macho. Jua lilikuwa limejilaza juu ya zulia lote, limefika kwenye vidole vya miguu yake, na kwa kweli ndilo lililowafanya wakae pale kuota joto lake. Akalitazama, akalitazama paa, akalitazama jua lenyewe. Akanyanyuka, akavaa kandambili, akatangulia kwenda kwenye paneli.

Bomba la kuingizia maji tangini lilikuwa likitoa maji membamba kama kamba ya kiatu. Nilifungua bolti za miguu ya upande wa kaskazini, Mzee Seif na mimi tukainua fremu ili paneli zitazame kusini, nusu ya njia kati ya kulala na kusimama. Ilikuwa nzito. Tukahitaji kitu cha kuiegemeza. Idi akaleta robota la majani ya mbuzi, halikufika hata nusu ya kimo.

"Lete begi lile, uliweke juu yake," akasema Mzee Seif, huku mishipa ya shingo imemtoka.

"Begi langu?"

"Kwani una safari?"

Idi akamtazama arbab. Arbab alikuwa anatazama bomba. Hapo palipita kimya ambacho mikono yangu inakikumbuka mpaka leo, kwa uzito wa ile fremu. Kisha Idi akaenda, akalikokota begi lake mchangani, akalisimamisha juu ya robota, na tukashusha fremu juu yake.

Pampu ilibadilisha sauti kwanza. Halafu maji yakanenepa, yakaacha kuufuata ukuta wa tangi, yakaruka mpaka katikati. Arbab akaweka kiganja chini yake, akayaacha yampige.

"Yalla," akaniambia mwenyewe, bila mkalimani, akionyesha kwa mkono. Tuinue zaidi.

"Mwambie tukiinua zaidi tutakuwa tunamtazama jirani," nikasema, na Mzee Seif alipotafsiri, kaka zake arbab wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa.

Msamaha wa maneno sikuusikia, mwanangu, na sitakudanganya kwamba ulikuwapo. Arbab alimuuliza Idi kama mbuzi wamekula. Idi akasema bado. Akaambiwa akawalishe, kisha aje barazani. Alipokuja, arbab alimmiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, na vijana wa nyumba hiyo walikuwa wapo, wangeweza kumimina wao. Idi alikishika kikombe kile kwa mikono miwili. Suala la viza halikutajwa tena.

Begi lilibaki chini ya fremu mpaka mchomeleaji alipotuletea miguu mirefu. Siku zote hizo Idi alivaa shati moja, kwa sababu mengine yote yalikuwa kazini. Ile miguu mipya tuliitoboa matundu ya juu na ya chini, na kuanzia hapo Idi akawa anapandisha paneli wakati wa kupanda nyanya, na kuzishusha jamaa za arbab wanapoacha kuja kwa ajili ya joto. Naye Wafula alipigilia blanketi dirishani, na hakuwahi kujua kwamba usingizi wake uliokatika ulimbakisha mtu kazini.

Sasa wapo kati yenu waliokwenda kaskazini zaidi, huko kwenye theluji, kufunga paneli hizi hizi. Mmoja aliniandikia Januari akisema anafikiri ameuziwa takataka, maana Julai zilifanya kazi vizuri na sasa hazitoi kitu. Nilimjibu hivi, na nawe nakuambia. Kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo jua la baridi linavyotambaa chini. Zisimamishe paneli zako ziwe karibu kama mlango, theluji nayo itateleza yenyewe. Joto likirudi, zilaze tena. Na hata ukifanya hayo yote, usiidai Desemba kazi ya Juni. Siku zake ni fupi, mwanga wake ni mchache. Weka akiba, punguza matumizi, subiri.

La pili halihusu paneli. Siku kitu kilichokuwa kinajaa kitakapoacha kujaa, nyumbani kwako au kazini kwako, moyo utakimbilia kuuliza ni nani amechukua. Wafula aliuliza hivyo, arbab aliuliza hivyo, na wote wawili walikuwa watu wema. Kabla hujamtafuta mtu, tazama kwanza kama majira hayajageuka nawe umebaki umelala vile vile ulivyolazwa Juni.

Na la tatu ni la Mzee Seif. Ukishajua jambo linaloweza kumwokoa mwenzako, liseme likiwa bado halijapendeza. Mchoro utakuja baadaye.

Mungu akupe kazi ya halali na mahali pazuri pa kulala, mbali na dirisha la kusini. Akupe macho ya kuona jua linaposogea. Na ikitokea siku begi lako limefungwa kwa kosa usilolitenda, akuletee mtu atakayekuuliza, mbele ya wote, kwani una safari?