Nilipoombea Kijani Kitoweke

Kazi yangu hapa Goma ni kutazama nchi kame ambazo sijawahi kuzikanyaga. Picha za setilaiti zinaingia kwenye kompyuta, nami nalinganisha za mwezi huu na za mwezi uliopita, naandika wapi malisho yanakauka na wapi majani yanarudi. Kijani kikiongezeka, ofisi nzima inafurahi.

Nyumbani ilikuwa kinyume. Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alikataa kukimbia vita nasi kutoka kilima chetu nyuma ya mji wa Kiwanja. Mtandao wa simu ukakatika, na habari zake nazo zikakatika. Ndipo mama akaikumbuka kazi yangu. Wao wawili walilima kila mwaka kabla ya mvua ya Septemba, kila mmoja shamba lake, mstari wa mikaratusi katikati. Si ugonjwa wala msiba uliowahi kuwazuia.

"Angaliya mashamba yetu," akaniambia. "Kama iko muzima, atalima. Utaona udongo."

Basi nikawa mtu wa kuombea kijani kitoweke. Picha ya kwanza, mawingu. Ya pili, mawingu. Niliyalaani kwa sauti, wenzangu wakanitania kwamba jangwa limenipanda kichwani. Usingizi ulinikimbia, chakula kikanishinda. Kila jioni mama alinipokea mlangoni na swali lilelile, hata nikaanza kurudi nyumbani kwa njia ya kuzunguka.

Anga ilipofunguka, mashamba yote mawili yalikuwa kijani kitupu. Nilimwambia ukweli.

"Mvua haiyakaribia bado," alisema, na hakuumaliza ugali wake.

Picha iliyofuata niliikuza mpaka ikabaki miraba mitupu. Ng'ambo ya mstari wa mikaratusi, kwa mama mdogo, magugu. Upande wetu, kipande cha kahawia, kidogo, kazi ya mtu mmoja tu. Niliipeleka nyumbani kwenye simu.

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. "Njo yeye, ni yeye mwenyewe," alisema. "Alianza na yangu."

Setilaiti haimwonyeshi aliyeshika jembe. Shamba lililoachwa hupata mmiliki mpya upesi. Hilo nilijua, na mama alilijua kunishinda. Niliirudisha simu mfukoni. Yeye alikuwa ameshamwaga maharage kwenye ungo, anachagua ya mbegu.