Muuguzi wa Mboko Anayelala Mchana ili Kina Mama Wajifungue Salama Usiku

Saa mbili asubuhi, Mboko iko kazini. Kina mama wanashuka barabarani na mihogo kichwani, ndagala, yaani dagaa, zimetandazwa juu ya mchanga kando ya ziwa, na vinu vinasikika kutoka nyuma ya kanisa. Katikati ya pilikapilika hizo, Félicité anatembea chini ya mwavuli mweusi ingawa hakuna dalili ya mvua, kitenge amekishusha hadi kwenye nyusi. Anawasalimu watu bila kusimama. Ukimshika kwa maneno marefu, atakuambia wazi kwamba urudi jioni.

"Hii jua ikiniingia mu macho, usingizi inakimbia," anasema huku akicheka. "Niko napeleka usingizi yangu nyumbani polepole. Sitaki muntu aiamushe njiani."

Félicité ni muuguzi mwenye umri wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili. Ametoka zamu ya usiku, ambayo hapa wote wanaiita garde, katika wodi ya wazazi ya kituo cha afya. Amepokea mtoto wa kike alfajiri, amefua mashuka, amemkabidhi mwenzake wa mchana funguo, na sasa anakwenda kufanya kile anachokiita nusu ya pili ya kazi yake, yaani kulala.

Usidhani ni jambo dogo. Mwaka huu wa 2003, kulala mchana kulikaribia kuivunja huduma yote ya usiku kabla haijaanza.

Tangu mauaji ya kijijini Makobola, mwishoni mwa 1998, familia nyingi za ukanda huu zilikuwa zikipanda milimani jua linapotua na kurudi asubuhi kuchota maji na kulima. Kituo cha afya nacho kilifunga mlango kila jioni, kwani nani angebaki? Mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku alijifungulia porini, juu ya kitenge, akishikwa mkono na yeyote aliyekuwa karibu. Wengine hawakurudi asubuhi.

"Nilikuwa nabapokea saa mbili ya asubuhi, mutoto mu mikono, mama amesha kufa," anasema Félicité, na hapo kicheko chake kinakatika. "Hiyo kitu ilinichokesha kuliko vita yenyewe."

Silaha ziliponyamaza kidogo, aliiomba kamati ya afya ifungue usiku. Mwenyekiti wa kamati, Wilfried, mkulima wa muhogo na mtu wa maneno machache, hakukataa wala hakukubali moja kwa moja. Alimpa mwezi mmoja wa majaribio. Sharti lilikuwa moja tu: mama yeyote akigonga mlango usiku amkute muuguzi yuko macho. Akikutwa amelala, usiku utafungwa tena.

Félicité alikubali papo hapo. Anajiamini, na haoni haya kulisema. Lakini alijua pia kwamba mwili uliozoea kulala na kuku haugeuki kwa siku moja.

Basi akaanza kujigeuza wiki moja kabla. Kila usiku alichelewa kulala kuliko usiku uliotangulia, akishona nguo za watoto ili macho yasifumbike. Kila asubuhi alichelewa kuamka. Alipachika blanketi kwenye dirisha la chumbani, akaacha chai ya alfajiri, akapunguza ugali kabla ya kulala ili tumbo lisimsumbue. Mbinu hizo alifundishwa mjini Uvira na muuguzi mkubwa wakati wa mafunzo yake.

"Alituambiaka, usingizi ni sawa mutoto muchanga," anakumbuka. "Ukiipigia kelele, inalia. Inaomba uibembeleze kidogo kidogo, mupaka izoee saa yako."

Wa kwanza kukasirika alikuwa mama mkwe wake, Suzanne, anayeishi naye nyumba moja. Katika mtaa huu mke anayelala jua likiwa utosini ama ni mgonjwa, ama ni mvivu, na Suzanne hakuwa tayari kusemwa kwa lolote kati ya hayo.

"Nilisikia haya sana," anakiri bibi huyo bila kuzungukazunguka. "Bamama banapita, banauliza muke ya mutoto yako iko wapi. Nibajibu nini? Ati analala? Nikabeba bajukuu, nikaenda nabo mu shamba siku muzima."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Suzanne alifunga mlango kwa nje ili watu wasimwone mkwewe kitandani. Watoto hawakuwapo. Jikoni hapakuwa na moto. Dirishani kulikuwa na blanketi. Kwa jirani wa Mboko, nyumba ya namna hiyo saa sita mchana ina maana moja tu.

Jirani huyo ni Siti, mchuuzi wa samaki, wakati huo akiwa na mimba ya miezi minane. Anasimulia bila aibu yoyote, akimwita Félicité infirmière, yaani muuguzi.

"Niliona mulango ya infirmière inafungwa, moshi haiko, batoto habako. Nikasema, huyu amesikia kitu! Yeye njo anasikiaka habari ya kwanza, juu bagonjwa banamufikia kutoka fasi yote. Kama yeye amekimbia, mi nabakia nangojea nini?"

Akabeba godoro kichwani. Jirani yake alipomwona na godoro hakuuliza swali, akafunga sufuria zake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Punde mtaa mzima ulikuwa njiani kuelekea mlimani, mbuzi wakivutwa kwa kamba, wazee wakishikwa mikono, na hakuna hata mmoja aliyejua nani anamkimbia nani.

Félicité aliamshwa na ukimya. Vinu vilikuwa vimenyamaza. Aliusukuma mlango mpaka kitasa kikang'oka, akatoka na kitenge cha kulalia, kichwa wazi, alama za mkeka zimejichora shavuni, akawakimbilia.

"Murudi! Mi niko hapa! Nilikuwa nalala tu!"

"Unalala namna gani na muchana?" Siti alimjibu bila kushusha godoro. "Uko mugonjwa?"

Waliorudi walirudi wakinung'unika. Wengine hawakuamini, wakalala mlimani usiku ule.

Kesho yake Wilfried aliita mkutano katika ua wa kituo. Wengi walitaka jambo hilo liishe hapohapo, na mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameanza kutikisa kichwa. Alisema usiku ambao haujafunguliwa umeshawakimbiza watu mchana, je ukifunguliwa?

Félicité alisimama. Hakuomba radhi. "Munanikasirikia juu nimelala," aliwaambia. "Mi nawauliza: munataka nilale muchana ao nilale usiku wakati muke yako anatoka damu?"

Kisha Suzanne, aliyekuwa amejificha nyuma ya wengine kwa sababu ya ule mlango, akanyanyua mkono.

"Ni mi nilifunga," alisema. "Basi mi njo nitakaa mbele ya mulango. Nitawasha moto kila siku, hata kama sina kitu ya kupika. Mukiona moshi, mujue infirmière iko ndani, analala, hakuna vita."

Mwenyekiti akakubali jaribio lianze, na ndivyo ilivyo hadi leo. Ukipita mchana utamkuta bibi huyo kwenye kigoda chake, sufuria ya maji motoni, akiwafukuza wauzaji wenye sauti kubwa kwa kijiti. Wanawake wamehamishia vinu nyuma ya kanisa. Wavuvi wanaotia nanga karibu wanashusha sauti za redio zao, au wanashushiwa na Suzanne. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na huu unawaka kwelikweli.

Jaribio lilikuwa katika wiki yake ya tatu Siti alipofika kituoni kabla ya jogoo wa kwanza, akiegemea bega la mumewe. Félicité alifungua kabla hawajagonga. Mtoto alitoka vizuri, lakini mama akaanza kuvuja damu, polepole, kwa namna ambayo mtu mwenye usingizi asingeiona. Félicité aliiona. Alimchoma sindano, akalikanda tumbo hadi damu ikakata, akabaki ameketi kando yake mpaka kukapambazuka.

"Kama alikuwa anasinzia, leo mungekuwa munanisomea dua," anasema Siti. Mtoto wa kiume, mnene, ananyonya bila habari.

Wilfried hakungoja mwezi uishe. "Nilimuambia, usiku ni yako," anasema. "Sasa tunatafuta mwingine wa kumusaidia. Kidole moja haivunji chawa."

Mshahara wa serikali Félicité hajauona tangu vita vianze; kituo humpa dola kumi na tano kwa mwezi, zikipatikana. Halalamiki sana. Anachotaka ni mwenzake wa kupokezana naye, na tayari anamfundisha Jamila, msaidizi wa kituo, kuanzia na lile somo la Uvira, kwani Jamila anasinzia upesi. Mwakani angependa pia kwenda Baraka kuwaonyesha wauguzi wa huko namna ya kujiandaa.

Lakini ukimuuliza ndoto yake hasa, haanzi na safari. Anatazama mlima, ambako moshi wa familia ambazo bado zinaogopa kurudi unaonekana jioni.

"Miaka yote hii, usiku kila muntu iko macho, anasikiliza kama batu ba bunduki banakuja," anasema. "Mi naomba siku moja Mboko yote ilale. Bamama balale, batoto balale, hata mbwa. Mi peke yangu njo nibakie macho."