Kiti cha Kulia cha Kaachini

Najua wapo watakaosema nimezidisha chumvi. Wengine watasema nilikuwa nimelewa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Sikuwa nimegusa tone. Akili zangu zilikuwa timamu na jua lilikuwa bado halijazama vizuri. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwenye barabara ya kuingia Rugera, hapa Karagwe, miaka ile ya themanini. Na niamini, kama ningekuwa natunga, ningejitungia nafasi nzuri kuliko hii niliyo nayo humu.

Nianze na gari, maana bila gari hakuna kisa. Nilikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa, nyumbani kwangu Kanoni. Mtaliano mmoja aliyekuja kwa kazi za barabara alikuwa na gari dogo la michezo la kwao, jekundu, milango miwili na viti viwili tu, nalo lilikuwa limeshakula miaka mingi kabla hajalileta. Mkataba wake ulipoisha, gari likiwa halitembei, akaniachia, kwa sababu nilikuwa nimemtengenezea jenereta na hakuwa na kitu kingine cha kunipa. Alicheka wakati ananikabidhi funguo. Sikuelewa anacheka nini.

Nilikuja kuelewa. Kumiliki gari la Kitaliano mahali ambapo hata nati yake haipatikani ni kama kuoa mtu ambaye ndugu zake wote wako ng'ambo. Lilikuwa na kabureta mbili zilizopaswa kuvuta hewa sawasawa, na hazikupatana hata siku moja. Nilikuwa naweka ncha moja ya bomba la mpira sikioni na nyingine kwenye kabureta, nasikiliza, nakaza, nalegeza, mpaka mke wangu Adela anakuja kuniambia chakula kimepoa. Gasketi nilikata kwenye maboksi. Tangi likivuja nilisilibia sabuni ya mche. Ukungu wetu ukiingia kwenye distribyuta, kile kinachogawa umeme kwa plagi, halikuwaka mpaka nifungue kifuniko, nipanguse pointi kwa pindo la shati, nilibembeleze. Starta ilikufa mapema na sikupata nyingine, kwa hiyo niliegesha kwenye mteremko tu, nikiachia breki linateremka na kuwaka. Kulisimamisha nikiwa napanda mlima, hilo sikulifanya kamwe.

Watu waliliita Kaachini, kwa sababu abiria wake hapandi, anakaa chini. Usukani ulikuwa kushoto, tofauti na magari yetu, kwa hiyo kila niliyempa lifti alianza kwa kuja kwenye mlango wangu, tukacheka. Abiria alikaa kulia, na viti vilibanana kiasi kwamba ukiingiza gia ya kurudi nyuma, mgongo wa mkono wako unagusa goti la jirani. Adela alikuwa anasema gari lile lina nafasi ya mtu mmoja na majivuno yake. Nami nilikuwa napita sokoni polepole ili muungurumo usimpite mtu.

Siku yenyewe, mchana, shemeji yangu Deo, mdogo wake Adela, alifika kutoka Rugera kwa baiskeli. Hakukaa.

"Shemeji, mama ni mgonjwa," alisema. "Anatapika tangu jana, sasa hata kusimama hawezi. Vijana wako tayari na machela, lakini hospitali ni mbali kwa mabega. Mama mwenyewe amesema tukuombe gari."

Kama wewe si wa huku, lazima nikueleze jambo. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mama huvuta kitenge upande wa uso, akaingia migombani mpaka mkwe apite. Si chuki. Ni heshima, sisi tunaiita ensoni, ile haya nzuri ya mtu aliyelelewa. Sasa mfikirie mama wa namna hiyo, aliyenikwepa kwa adabu tangu siku nilipooa, anatuma mtu kuomba gari langu. Ujue alikuwa amezidiwa.

Unajua nilimjibu nini Deo? Niliinamisha macho, nikasema, "Gari lina viti viwili, shemeji. Nitakaaje na mama, goti kwa goti? Si nitakuwa nimemvunjia heshima? Niachie nitafute pikapu, alale nyuma kwa nafasi."

Deo aliniinamia. "Umesema vizuri, waitu," akaniambia, kwa neno letu la kumheshimu mtu. "Mama atafurahi kusikia hivyo." Akapanda baiskeli yake akarudi.

Nilichosema kuhusu mila kilikuwa kweli, hakuna mzee ambaye angenikosoa. Lakini wakati nasema, nilichokuwa nakiona si goti. Nilikuwa naona ile barabara ilivyochimbwa na mvua, mawe yakigonga sampu ya oili chini ya injini, na mtu anayetapika amekaa kwenye kiti cha ngozi ambacho nilikuwa nimetoka kukipaka mafuta. Heshima niliivaa juu, kama koti. Naona aibu hata sasa ninapokusimulia, na nimeshakuwa mzee.

Nikaenda kutafuta pikapu Rubwera. Siku hizi Rubwera ni makao ya wilaya ya Kyerwa, kuna maofisa na bodaboda kila kona. Wakati ule nilikuwa namfahamu mtu mmoja tu mwenye gari. Na nilikwenda na nini? Na Kaachini hilo hilo. Safari ile ya kwenda na kurudi ilikuwa ndefu kuliko kumfuata mama Rugera na kumfikisha hospitali. Njiani hilo halikunijia akilini. Lilinijia baadaye, na halijaondoka.

Mwenye pikapu hakuwa na petroli. Niliporudi, Adela alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni.

"Mama ameomba mwenyewe," alisema. "Ensoni ni yake pia. Kama yeye ameiweka pembeni, wewe unamshikia ya nini? Nenda. Ningekuja, ila nikikaa mimi, yeye atakaa wapi?"

Nikaondoka. Ilikuwa jioni, ukungu umeanza kushukia migomba na manyunyu yanaanguka. Nilikwenda kwa uangalifu, nakwepa mashimo, na hata hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa nasikiliza kabureta.

Kwenye kona ya kwanza ya mlima wa kuingia Rugera nikamwona mwanamke anateremka kuja upande wangu, peku, kitenge cha bluu kimemfunika upande wa uso. Aliinua mkono kidogo, kama mtu anayeona haya kuomba, kisha akaingia migombani na kunigeuzia mgongo. Nikajisemea, huyo ni mama wa watu, kaniona rika la mkwe wake. Na hapa ni mlimani, nikisimama haliwaki tena. Nikapita.

Kona iliyofuata, mwanamke yule yule. Anateremka, peku, kitenge cha bluu, mkono umeinuka kidogo. Wewe ungefanya nini? Mimi nilikanyaga mafuta. Nikawa najiambia ni ndugu yake, ni pacha wake, ni watu wametoka kwenye sherehe moja wamevaa sare. Nikapita tena.

Kona ya tatu hakuingia migombani. Alisimama katikati ya barabara.

Nikafunga breki. Injini ikakohoa, ikafa, pakawa kimya kabisa, manyunyu tu yakigonga boneti. Akazunguka mbele ya gari. Nimekwambia kila mtu huanza na mlango wa kushoto. Yeye alikwenda wa kulia moja kwa moja, kama mtu aliyekwisha kuelekezwa, akafungua, akakaa. Kiti kile kilikuwa na springi zinazolia hata akikaa mtoto. Hazikulia. Ndani pakajaa harufu ya majani ya dawa na kahawa iliyochemshwa. Alikuwa amegeukia dirisha, kitenge kimeshuka mpaka kidevuni, amejibanza mlangoni ili nafasi ibaki kati yetu.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. Aliongea taratibu, akikiambia kioo. "Usinitazame, mkwe, na mimi sikutazami. Nimejifunika. Nitakaa hivi hivi mpaka tufike. Hutaona aibu."

Sauti ile niliijua. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi, daima kutoka nyuma ya ukuta au nyuma ya migomba, ikiniuliza kama mwanawe na mjukuu wake hawajambo.

"Gari haliwaki, mama," nikasema. Hebu niangalie, hata mbele ya jambo kama lile bado nilikuwa na udhuru mdomoni. "Tumesimama mlimani."

"Basi liache lirudi nyuma," alisema. "Hospitali iko nyuma."

Nikaachia breki ya mkono. Nikaingiza gia ya kurudi nyuma, na mgongo wa mkono wangu ukagusa goti lake. Lilikuwa baridi kama mtungi uliolala nje. Gari likaanza kuteremka kinyumenyume, nikaachia klachi, injini ikawaka kwa mlio safi ambao sikuwahi kuusikia tangu nilipolipata, kabureta zote mbili zikivuta pamoja. Nilipofunga breki nikageuka, nimesahau kuwa nimekatazwa kutazama, hapakuwa na mtu. Mlango haukuwa umefunguliwa. Ngozi ya kiti ilikuwa imelowa, na juu yake kulikuwa na kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba. Ndani yake kahawa za kutafuna, zile ambazo mama mkwe humtolea mkwe anapofika kwake.

Sijui niliendeshaje kutoka pale. Nilifika kwao nikisikia vilio kabla sijaingia kwenye kibanja. Machela ilikuwa imeegemezwa ukutani, na vijana waliokuwa waibebe wameketi chini yake, mikono mitupu. Deo alinipokea.

"Mama alituacha jua likiwa bado juu," aliniambia. "Nilipomfikishia maneno yako alifurahi sana. Akasema mkwe wake ana adabu, lakini pikapu hatapata, atakuja tu na hilo lake. Akaomba aogeshwe, avikwe kitenge kipya. Akaniuliza abiria anakaa upande gani, nikamwambia kulia. Akasema atageukia dirishani na kujifunika, wewe usione aibu."

"Mbona hamkumbeba?" niliuliza.

"Tulitaka. Alikataa katakata. Alisema mkwe akija akakuta amechukuliwa na machela, watu watamcheka, mtu na gari lake."

Sikuuliza kitenge kilikuwa cha rangi gani. Niliingia nikaona.

Wazee waliokuwa msibani walinipa pole, kisha mmoja wao akasimama na kunisifu mbele za watu. Alisema vijana wa siku hizi wangempakia mama mkwe kama gunia, lakini huyu alihangaika hadi Rubwera kutafuta usafiri wa heshima. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa natazama chini, nao wakaona hiyo pia ni adabu. Nimetukanwa mara nyingi maishani na nimesahau. Sifa zile sijazisahau.

Asubuhi nilirudi kumchukua Adela kwa mazishi. Kiti kilikuwa bado kimelowa, ingawa nilikuwa nimekifuta na kukifuta. Aliweka kiganja juu yake, akakinusa. Kisha akaona kifurushi, akakishika, akalitazama fundo lake. Kila mama hufunga kwa namna yake, na binti hulijua fundo la mama yake.

"Alikusimamisha?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ukampita?"

Nikamwambia nilimpita. Hakulia wala hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti kile na maji yake, akavuta kitenge upande wa uso, akageukia dirisha mpaka tukafika Rugera.

Kaachini nilimpa fundi mmoja wa Bukoba. Baada ya muda mfupi alilirudisha, akisema injini ni nzima, haijawahi kuwa nzima hivyo, ila kiti cha kulia hakikauki na kioo cha upande huo kinaota ukungu kwa ndani hata jua likiwaka. Sasa limekaa nyuma ya nyumba, kuku wanataga kwenye boneti. Mkono wangu wa kulia, huu, nikikupa utashtuka jinsi ulivyo baridi. Zile kahawa ninazo. Kuzitafuna naogopa, na kuzitupa ni kukataa ukaribisho wa mwenye nyumba.

Kwa hiyo nakuonya wewe mwenye chombo cha moto, hata kiwe na kiti kimoja cha ziada. Ukiombwa kumbeba mgonjwa na ukasikia mdomo wako unaanza kuzungumza habari za heshima, nyamaza, chukua funguo. Na ukimwona mama peku barabarani ameinua mkono kidogo, simama, hata kama ni mlimani.

Adela hakuniacha. Tumezeeka pamoja, tumeoza mabinti, na nyumbani tunaongea na kucheka kama watu wengine. Lakini siku tukisafiri, hata iwe kwa basi, huketi upande wa dirisha, akavuta kitenge mpaka kidevuni, akanigeuzia mgongo, na kuacha nafasi kati yetu mpaka tunafika.